Bomba Lisilovuja

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, wakwe na hasira kama sisi, paliishi Pimbi mmoja juu ya majabali. Pimbi si mnamjua? Ni yule mdogo, mnene wa mashavu, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Lakini mdomo! Lo! Mdomo wake haukujua kupumzika.

Tena alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa. Kwa kuwa ana vijino viwili vimechomoza kwa mbele, alimwita Jumbe Tembo "mjomba." Mbele za watu! Jumbe, mtawala wa nchi nzima, anaitwa mjomba na kitu anachoweza kukipuliza kikaruka. Jumbe akinuna, Pimbi anafunua midomo na kumwambia, "Angalia meno, mjomba. Sisi ni ukoo mmoja."

Chini ya majabali hayo palikuwa na chemchemi. Maji yake baridi, meupe, unaona hadi changarawe za chini. Hapo ndipo walipokunywa wadogo wote: digidigi, kanga, kobe, panya na jamaa zao. Wakubwa, wao, walikuwa na ziwa zima, huko bondeni kwa Kiboko. Mkewe Pimbi, Bi. Mashavu, alikuwa na watoto wachanga, na kila asubuhi aliteremka na mtungi wake kuteka. Chemchemi ile ikiharibika, wadogo hawana pa kwenda. Lishikeni hilo, wanangu, msije mkaniuliza baadaye.

Sasa, nchi ilikuwa na shida, na ilikuwa shida ya kweli. Kuni zilikwisha. Mapori ya karibu yalikatwa hadi vichaka. Mama Nguruwe, mwenye watoto wengi kuliko majina anayoyakumbuka, alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua la utosi na kijiti kimoja mkononi. Watoto wake walikula maharage mabichi. Yalilia mdomoni, kwa! kwa! kwa! Usiku matumbo yao yalilia pia.

Ndipo huko juu, kwenye Kilima Cheusi, yakagunduliwa mafuta. Yalibubujika yenyewe ardhini, bwuku, bwuku, meusi tii. Ukichovya utambi yanawaka. Watu walicheza ngoma! Jumbe Tembo akatangaza kwamba litajengwa bomba la mianzi mikubwa iliyotobolewa vifundo vya ndani, kutoka kilimani hadi uwanja wa soko kando ya ziwa, na kila nyumba itapata mafuta ya jiko na ya taa.

Njia ya bomba je? Njia iliyonyooka ilipita uani kwa Jumbe, ikakata dimbwi la tope la Faru, ikatokea kwenye ghuba anakolala Kiboko. Wakubwa wakaitazama. Wakakohoa. Njia ikapinda kidogo. Wakaitazama tena, ikapinda zaidi. Mwishowe ilizunguka, ikazunguka, ikaenda kupita juu ya nini? Juu ya chemchemi ya wadogo! Haya, niambieni kwamba ni bahati mbaya.

Na kazi ya kujenga akapewa Fisi. Mianzi ilitakiwa kuunganishwa, na kila ungio lifungwe kwa kanda za ngozi mbichi, maana ngozi ikikauka inakaza sawasawa. Jumbe akamkabidhi Fisi mlima wa ngozi mbichi. Fisi! Na ngozi mbichi! Hata nyie watoto mnacheka. Basi wale wakubwa na akili zao hawakucheka.

Mchana mmoja Pimbi alikuwa amejilaza juani, akasikia chini ya jabali, kwach, kwach, kwach. Akachungulia. Fisi alikuwa kwenye ungio lililo juu kabisa ya chemchemi. Anazungusha ukanda, anaunusa, anaulamba kidogo, anafumba macho, halafu kwach! Ukanda umekwenda. Kisha anapaka udongo juu ya ungio, anaupigapiga kwa kiganja na kuusifia.

"Fisi wee! Unakula bomba?"

Fisi akaruka. "Nani? Mimi? Ah, nakaza kwa meno, ndugu yangu. Ni ufundi huo."

"Umemeza!"

"Nimekaza mpaka mwisho," akasema Fisi, akajifuta mdomo, akaenda zake kwenye ungio lingine.

Pimbi hakungoja kesho. Akatimua mbio hadi Magadini, pale wanyama wote wanapokwenda kulamba chumvi ya ardhi. Hapo ndipo mabaraza yalipofanyika, kwa sababu hakuna anayekosa kuja. Na desturi ya Magadini ilikuwa hivi: neno likishasemwa na Jumbe akalipigia mguu, tii, limekwisha kuwa sheria. Halifutiki, hata na Jumbe mwenyewe.

"Jamani, bomba litavuja!" Pimbi akapiga kelele. "Fisi amekula kanda! Mafuta yataingia kwenye chemchemi yetu!"

Kiboko akapiga mwayo. Yeye ndiye alikuwa msemaji wa Jumbe, na mdomo wa kazi hiyo alikuwa nao. "Bomba halivuji," akasema. "Limekaguliwa. Faru, simama uwaambie."

Faru akasimama, akawageuzia wasikilizaji mgongo, akageuzwa na wenzake. Wote walijua kwamba Faru haoni. Mama yake mzazi akisimama mbele yake, hamjui mpaka akohoe.

"Nimelikagua bomba lote," Faru akasema kwa fahari, "na sikuona tundu hata moja."

"Bomba lenyewe uliliona?" Pimbi akauliza.

"Nililiegemea!"

"Makofi kwa mkaguzi wetu!" akasema Kiboko, na watu wakapiga makofi. Msinishangae mimi, ndivyo watu walivyo.

Pimbi alitaka kuongeza neno, lakini Mama Nguruwe akainuka, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anavuta upindo wa nguo yake.

"Wewe Pimbi, unakula nini nyumbani kwako?"

"Majani, mama."

"Mabichi au ya kupika?"

"Mabichi."

"Ahaa! Jiko huna. Kuni hujui zinatafutwa wapi. Baridi ikikushika unaota jua bure. Halafu unakuja hapa kuniambia mimi nisipate moto? Wanangu wanalala na maharage yanagongana tumboni! Una roho gani wewe?"

Neno hilo lilimchoma Pimbi, maana lilikuwa kweli. Aliona aibu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nataka upike. Nataka na mimi nionje. Lakini mafuta yakiingia kwenye maji, hayo maharage utayachemshia nini?"

Mama Nguruwe akafungua mdomo kujibu, lakini hakuna aliyewasikia tena. Nyumbu walikuwa wamekwisha anza, "Mpinga maendeleo huyo! Mtoeni! Huuu!" Nyumbu mmoja akianza jambo, mnajua wenyewe.

Kiboko akainua mkono. "Jumbe, huyu bwana anaogopa sana kuvuja. Napendekeza tumsaidie. Kuanzia leo, atakayesema hadharani kwamba bomba linavuja, basi lipitishwe mlangoni kwake, alale nalo, aamke nalo, alichunge yeye na ukoo wake wote!"

Baraza lilicheka mpaka kobe akapinduka. Pimbi peke yake hakucheka. Akakuna shavu, akauliza kwa adabu, "Hata akiwa mkubwa, mjomba?"

"Hata nikiwa mimi!" akanguruma Jumbe, kwa sababu ya lile neno mjomba. Akainua mguu. Tii! Vumbi likatimka, sheria ikapita.

Pimbi alirudi nyumbani mikono nyuma. Bi. Mashavu akampokea na mtungi kiunoni. "Sasa wanao watakunywa nini, mume wangu? Utawakamulia mawe?" Pimbi alikuwa anaogopa. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, mdomo wake ulifungwa.

Asubuhi yake akaenda kwa Mama Nguruwe kuomba radhi. Akamkuta anachochea vijiti vyake vya mwisho chini ya chungu kipya, na ndani ya chungu mna uji mwepesi.

"Nisamehe, mama. Nilisema kama mtu asiye na jiko."

"Na mimi nilikutukana roho yako. Yamekwisha. Kaa."

"Leo mnakunywa uji?"

"Uji wa nani? Nakifunza chungu. Mafuta yakifika nataka nianze kupika siku hiyohiyo. Chungu kipya hukitii mchuzi moja kwa moja, baba. Kwanza unakipikia uji, uingie kwenye vitundu. Usipofanya hivyo, ukikitia mchuzi kinavu..." Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. "Chungu nimesema! Chungu! Si bomba!"

Pimbi akasimama wima. Mashavu yakaanza kumtetemeka kwa furaha. "Mama Nguruwe," akasema, "lile hori lako kubwa la kulishia watoto, naweza kuliazima?"

Halafu huyoo, mbio hadi kwa Jumbe. Akawakuta wakubwa wote wamekaa barazani, na Fisi pembeni yao, kitambi kimemtoka.

"Mjomba, nimetubu."

"Usiniite mjomba."

"Ndiyo, mjomba. Nimekuja kukuepusha na aibu. Hili bomba lenu si chombo kipya? Mtalitia mafuta hivihivi? Wanawake wote watawacheka. Watasema Jumbe wetu hana adabu za jikoni, hata chombo kipya hajui kukifunza!"

Jumbe akashtuka. Mambo ya kuchekwa na wanawake hakuyataka. "Kinafunzwa kwa nini?"

"Kwa uji. Lakini uji ni wa watu wa chini. Bomba la Jumbe lifunzwe kwa togwa. Togwa ya mtama, tamu, iliyokolea. Imiminwe kule kilimani, nyie wakubwa mkae kule mwisho, pale sokoni, mmetandikiwa mikeka. Togwa inateremka yenyewe, inapita kivulini, inafika baridi, inawaingia mdomoni, guu, guu, guu!"

Kiboko alikuwa amekwisha achama. Faru alianza kulamba hewa.

"Na wadogo?" akauliza Jumbe. "Watataka kugawiwa."

"Watasimama kando ya bomba wakipiga vigelegele. Itakayofika mwisho yote ni yenu. Itakayoanguka njiani ndiyo yetu."

"Njiani hakianguki kitu!" akasema Kiboko.

"Ndiyo maana naiomba hiyo, Mheshimiwa."

Wakubwa wakacheka, wakapigana mabega. "Mpeni! Mpeni yote inayoanguka njiani!" Fisi peke yake akakohoa. Akakohoa tena. Lakini angesema nini? Akajifanya ana jambo la haraka kwao.

Basi maghala ya wakubwa yakafunguliwa. Mtama wa Jumbe, mtama wa Kiboko, mtama wa Faru, wote ukasagwa, ukapikwa, ukapozwa kuwa togwa. Nyati wakabeba mapipa hadi Kilima Cheusi. Siku ilipofika, wadogo wakajipanga kando ya bomba, kila ungio na watu wake, kila mtu na chombo chake. Huyu kibuyu, huyu kata, huyu ganda la konokono. Kobe alilala chali kabisa, akasema yeye ni bakuli.

Pimbi alisimama kwenye ungio la juu ya chemchemi, na chini ya ungio ameweka hori la Mama Nguruwe, aliyesimama hapo na watoto wake.

Kule juu nyati wakamimina. Bwaaa!

Ungio la kwanza: ti, ti, ti... chururuuu! Udongo wa Fisi ukalainika, ukaporomoka. "Tekeni!" Ungio la pili: chururuuu! La tatu halikuvuja, lilipasuka kabisa, pwaa! Panya walikunywa, kanga walikunywa, digidigi wakatia midomo yao myembamba wakasahau kuitoa. Vigelegele mbinguni!

Kwa Pimbi nako ikamwagika. Hori likajaa kufumba na kufumbua, Pimbi akacheka, akanywa, akacheka. Halafu hori likafurika. Togwa ikatiririka kwenye jabali, ikaingia kwenye chemchemi. Maji yakawa mazito, rangi ya majivu, changarawe zikapotea. Bi. Mashavu alikuwa amesimama ukingoni na mtungi wake, na hakuteka. Alimtazama mumewe tu.

Pimbi akaacha kucheka. Hii ni togwa, alijiambia, kesho maji yataisafisha. Yangekuwa yale meusi je? Akaona uchungu, kisha akaona hasira, hasira kubwa kuliko mwili wake. Akaruka toka kwenye jabali akashika njia ya sokoni, na nyuma yake wadogo wote, matumbo yanapigapiga.

Kule sokoni wakubwa walikuwa mikekani. Jumbe Tembo alikuwa amekinga mkonga chini ya mdomo wa bomba. Kiboko ameachama. Faru ameshika beseni, amelielekeza upande mwingine kabisa.

"Inakuja," akasema Jumbe.

"Naisikia," akasema Faru.

Wakangoja. Jua likapanda. Nzi mmoja akaingia mdomoni kwa Kiboko, akazunguka, akatoka. Mwishowe bomba likatoa mlio, fyuuu, na pale kwenye ncha likajitokeza tone. Likaning'inia. Likaanguka kwenye mkonga wa Jumbe, ti. Basi.

"Nyingine iko wapi?" akauliza Kiboko.

Hapo ndipo Pimbi alipofika, ana sharubu nyeupe za togwa. "Shikamooni, wazee! Naona mmekwisha maliza. Ilikuwa tamu?"

"Haijafika!" akafoka Jumbe.

"Haiwezekani, mjomba. Labda mmekunywa mkasahau."

"Tungesahau? Sisi? Nyati hawakumimina!"

"Tumemimina yote!" wakajibu nyati, waliokuwa wameteremka nyuma ya wadogo. "Hata mapipa tumeyasuuza!"

"Hee!" Pimbi akajishika kiuno. "Juu imemiminwa, chini haijafika, na bomba ni zima, Faru kaliegemea. Sasa togwa imepitia wapi?"

"Mmekunywa nyie!" Kiboko akanyoosha kidole. "Sharubu hizo! Wezi!"

"Tumekunywa iliyoanguka njiani, Mheshimiwa, mlitupa wenyewe. Lakini ulisema njiani hakianguki kitu. Basi hatujanywa kitu. Hizi sharubu ni uzee."

Jumbe Tembo akatazama matumbo ya wadogo, yamevimba. Akafikiria ghala lake, tupu hadi sakafuni. Akafikiria lile tone. Wanangu, mkubwa anaweza kuvumilia kiu ya mwenzake miaka na miaka, lakini kiu yake mwenyewe! Akainua mkonga, masikio yakasimama, akalia nchi nzima ikamsikia:

"Linavujaaa! Bomba linavujaaa!"

"Linavuja!" akabweka Kiboko. "Togwa yangu yote!"

"Linavuja kila mahali!" akasema Faru. "Hata mimi naliona!"

Kisha wale watatu wakaanza kutazamana, mmoja baada ya mwingine wakikumbuka.

Pimbi akasogea taratibu. "Mjomba," akasema, "ule mguu ulioupiga Magadini ulikuwa wa kulia au wa kushoto? Watu wasije wakasahau."

"Ilikuwa utani!" akasema Kiboko.

"Tulicheka, ndiyo," wakasema wadogo. "Na mguu ukapigwa."

"Basi tuliache!" Jumbe akasema haraka. "Hakuna bomba tena. Bomba ni hatari sana! Mnajua mke wangu hapendi harufu ya mafuta?"

Wadogo wakaanza kushangilia, hata Pimbi aliinua mikono. Lakini Mama Nguruwe akajitoma katikati, hori lake kichwani, watoto nyuma yake mstari mzima.

"Nani kasema liachwe?" akauliza. "Mimi nataka moto. Nilisema nataka, na bado nataka, na wewe Pimbi shusha hiyo mikono. Maharage yangu ni yaleyale. Lakini leo nimeona maji ya majirani zangu yanageuka rangi, na hiyo ilikuwa togwa, kitu kinachonyweka. Kwa hiyo bomba lijengwe, Jumbe. Lipite kwako uani. Lipite dimbwini kwa Faru. Lipite ghubani kwa Kiboko, hapohapo anapolaza kidevu. Si mlisema halina hatari?"

Pimbi alishusha mikono. Hilo la bomba kutoachwa hata yeye hakuwa amelifikiria, na aliona haya kidogo, ingawa hakumwambia mtu.

Basi neno la Magadini halifutiki. Bomba likang'olewa likajengwa upya kwenye njia ile iliyonyooka, ile ya mwanzo. Fisi alihukumiwa kubeba mianzi, mdomo umefungwa kwa ukanda wa ngozi. Ukanda akaula siku hiyohiyo.

Na maungio je? Eee! Jumbe Tembo aliyafunga kwa mkonga wake mwenyewe, kanda juu ya kanda, nta juu ya nta. Kiboko aliyanusa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Faru aliyapapasa kwa ulimi, moja moja, maana sasa macho hakuyaamini tena. Mafuta yakaja. Taa zikawaka. Maharage ya Mama Nguruwe yakaiva mpaka yakawa laini, na Pimbi akapelekewa bakuli, akala kitu cha kupikwa kwa mara ya kwanza, akaunguza ulimi. Na chemchemi ikarudi kuwa nyeupe, na Bi. Mashavu akateka.

Siku moja Pimbi alipita kwa Jumbe, akamkuta amepiga magoti uani, anakaza ungio lisilo na kasoro yoyote.

"Mjomba! Kumbe linaweza kujengwa bila kuvuja?"

Jumbe Tembo alivuta ukanda, akaongeza fundo jingine.

Hadithi yangu imekauka hapa, aliyekuja na kibuyu akachote kwingine. Na mafunzo yake ni haya: anayekuapia kwamba jambo halina hatari, mwambie alipitishe kwanza mlangoni kwake.